Sindano Arobaini za Jumapili

Chang'ombe, Temeke
Jumanne, 3 Septemba

Mpwa wangu Adelina,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwako, kwa maafande wako na kwa makuruta wote wa kambi hiyo ya mafunzo ya jeshi, kwamba kiti cha ofisi ya Kasimiri, fundi seremala, kimefariki dunia leo saa nne asubuhi baada ya kuugua mguu wa nyuma kwa miaka mitatu. Marehemu amefia kazini, maana yake mie nilikuwa nimekikalia. Kibaya zaidi, mbele yangu walikuwepo wateja wawili waliokuja kuagiza viti sita vya mezani. Walinisaidia kuinuka, wakanipa pole, wakaondoka. Masoud wa steshenari hapa jirani alikuja kutoa rambirambi, akauliza marehemu alitengenezwa na fundi gani ili watu wamwepuke.

Baada ya tangazo hilo zito, sasa habari ndogondogo. Umechaguliwa chuo kikuu. Vyuo viwili.

Najua umesharuka, na afande ameshakuuliza unaruka nini. Kaa chini usome. Masoud amefungua mtandao leo, akatafuta jina lako, akapiga kelele mpaka mafundi gereji wakadhani kuna moto. Mlimani, hapahapa mjini, wamekuchukua, sayansi ya mimea. Sokoine, kule Morogoro, wamekuchukua, misitu. Vyote viwili vyuo vya maana, wala hakuna cha kusema hiki bora kile takataka. Ila mtu mmoja hakai vyuo viwili. Lazima uthibitishe kimoja kabla ya Jumamosi tarehe 21. Utaratibu ni huu: inatumwa namba ya kuthibitisha kwenye simu uliyoandika kwenye fomu, unaiingiza, basi. Na simu uliyoandika ni yangu, kwa kuwa ninyi huko simu hamruhusiwi, na kwa kuwa kwetu Newala mjomba ndiye mwenye neno la mwisho kwa mtoto wa dada yake. Namba ikija nitakuambia.

Mama yako nimempigia mchana. Amefurahi sana. Anasema Mlimani, kwa sababu utakuwa unalala nyumbani Gongo la Mboto. Nimekufikishia tu.

Macho yake ni yaleyale, ukungu unazidi. Foleni ya upasuaji inasogea, tunangoja kuitwa. Usihofu kuhusu sindano. Kila Jumapili nakwenda na kumtungia uzi sindano arobaini, nazichomeka kwenye mto, kazi yake ya vifungo na mapindo inakwenda wiki nzima. Arobaini, mpwa wangu! Kwa vidole hivi vilivyonenepa kwa nyundo. Wewe ulizoea kufanya kila siku bila kusema. Mie nasema.

Usisumbuke sana na kuchagua. Mie nilipokuwa na umri wako niliondoka Newala na patasi moja na shati moja, sikuuliza chuo wala mtu. Na ona nilipofika: chini, sakafuni, mbele ya wateja.

Mjomba wako,
Kasimiri


Kambini, Tanga
Hanga la wasichana, kombania B
Alhamisi, 5 Septemba

UKURASA WA 1

Shikamoo mjomba,

Nimepiga pushapu ishirini kwa ajili ya kiti chako. Nilicheka kwenye mstari. Afande aliuliza, "Kuruta, nani kakuchekesha?" Nikasema, "Mjomba wangu, afande." Akasema, "Basi mpigie mjomba ishirini." Kwa hiyo unanidai, au mie nakudai, sijui.

Mjomba, vyuo viwili! Nimemwambia Jenipher, huyu rafiki yangu wa Mbagala tunayelala naye kitanda cha juu na chini, akalia yeye badala yangu. Yeye bado hajapata habari zake.

Ukimsomea mama barua hii, msomee ukurasa wa kwanza na wa tatu. Nimeziandika namba ili usichanganye. Wa pili ni wako peke yako.

UKURASA WA 2

Mjomba, nataka Sokoine.

Nimejaribu kujishawishi. Mlimani nilikwenda na shule kidato cha tano. Nilipenda, kweli. Maktaba ile mtu anaweza kupotea humo akafurahi. Lakini siku nzima nilitembea kama mgeni aliyeingia sebuleni na viatu. Nilikuwa naogopa kuuliza choo kiko wapi. Najua ni ujinga wangu, watu wengi wanapaweza, na walimu wao ni hodari.

Sokoine tulikwenda na klabu ya mazingira. Kwenye vitalu vya miche mwalimu mmoja aliniuliza jina la mti, nikakosea. Akasema, "Umekosea vizuri, huo uliotaja ni binamu yake." Halafu akanipa jembe. Nilichimba mpaka basi likanisubiri. Sikumbuki kuogopa kitu siku ile. Mie si mtu wa kujifunza nikiwa nimekaa, nadhani. Najifunza nikiwa nimechafuka.

Hapa wamenipa bustani ya miche. Miche elfu na kitu, mikaratusi na mivule. Naamshwa kwa filimbi, nazungukwa na uzio, nakula kwa filimbi, naoga kwa filimbi. Lakini usinicheke mjomba, huku ndani ya uzio ndiko nilikopumua. Asubuhi ya kwanza niliamka nikatafuta sindano. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mto. Halafu nikakumbuka leo hakuna wa kutungiwa, nikalala tena dakika tano. Zile dakika tano bado nazikumbuka.

Tangu darasa la nne, mjomba. Kabla ya shule sindano kumi, baada ya shule kumi. Nikichelewa, mama amekaa mlangoni na uzi mkononi, hasemi kitu. Bora angesemaga. Nikilala nyumbani nitaondoka saa kumi na moja alfajiri, nitarudi usiku, na katikati ya hapo nitakuwa nawaza amekaa mlangoni.

Si kwamba simpendi. Ishu ni kwamba akisema nibaki, nitabaki. Sina nguvu ya kumkatalia. Ndiyo maana naomba umwongoze asiseme. Wewe unajua kumchekesha.

UKURASA WA 3

Mama shikamoo. Mie mzima kabisa, nimenenepa kidogo kwa maharage. Macho yakisumbua usilazimishe, mwachie mjomba. Nikirudi nitakuonyesha mwendo wa gwaride hapo uani mpaka kuku wakimbie.

Wako,
Adelina


Gongo la Mboto
Jumapili, 8 Septemba

Mwanangu Adelina,

Anayeandika ni mjomba wako, anayesema ni mimi mama yako, kwa kuwa maandishi siku hizi nayaona kama sisimizi wanaotawanyika.

Nimefurahi na nimemshukuru Mungu. Vyuo viwili si jambo dogo. Lakini mwanangu, Morogoro ni mbali. Mimi na wewe tuko wawili tu nyumba hii. Ukiondoka nitakaa na nani? Giza likizidi nitamwita nani? Mjomba wako ana kazi zake, na vidole vyake unavijua. Mlimani ni chuo kikubwa, watu wanakililia. Utasoma mchana, jioni utarudi tukae. Watu wa nyumba moja wakishatengana ni kama ubao ulioachia gundi, kuunganisha tena kazi.

Sikulazimishi. Nakueleza tu moyo wangu.

Mama yako,
Rosalia

(Adelina, mie nimeandika kama nilivyosikia. Nilijaribu kumchekesha, hakucheka. Namba ya kuthibitisha bado haijaja. — Mjomba K.)


Kambini, Tanga
Jumatano, 11 Septemba

UKURASA WA 1

Mama yangu mpenzi, shikamoo,

Barua yako imefika. Nimeisoma chooni, ndipo mahali pekee mtu anapoachwa peke yake huku.

Umeniandikia kwamba giza likizidi hujui utamwita nani. Utaniita mimi, mama. Sitaki ukae na wazo hilo hata siku moja. Nitakwenda Mlimani na nitalala nyumbani. Nimeshaamua na nimeshatulia. Usinifikirie kwamba nimenuna. Miche nitaipanda hapo uani, kwenye madebe.

UKURASA WA 2

Mjomba,

Thibitisha Mlimani namba ikija.

Siwezi kuandika mengi. Jana nilihamisha miche mia mbili kutoka kwenye viriba vidogo, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea. Ukichelewa kuihamisha, mizizi inazunguka humohumo ndani ya kiriba mpaka inajisonga. Kwa juu mche unaonekana wa kijani, mzima tu. Afande alinisifu kwa kasi. Nilikuwa nalia, akadhani ni jasho.

Jambo moja tu. Sijui mama ameanza lini kuzungumza habari za gundi.

UKURASA WA 3

Mama, Jenipher anakusalimia. Anasema nikirudi lazima aje ale pweza wako wa nazi. Nimemwambia aje na sindano zake.

Adelina


Chang'ombe
Jumamosi, 14 Septemba

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata. Gundi ni neno langu, nakiri. Mama yako alisema kitu kinachofanana na gundi, mie nikakipiga randa. Mwandishi mbaya ni kama seremala mbaya, anaacha alama ya nyundo.

Habari kubwa: mama yako ameitwa. Jumatatu tarehe 16 atapasuliwa jicho la kulia. Daktari anasema ni kazi ya nusu saa, wanaondoa ule ukungu na kuweka kioo kidogo, na kesho yake anafunguliwa bandeji. Nusu saa! Mie kubandika bawaba za kabati nachukua siku nzima. Ombeni huko kambini, hata kwa pushapu.

Ile namba bado. Nadhani ni mtandao. Masoud naye anasema mtandao una mambo. Simu yangu nayo unaijua, mpaka uipige kofi ndipo iamke. Tuko tarehe 14, bado wiki nzima. Usiwe na wasiwasi, jambo likiisha nitakuandikia "limeisha", utalala.

Kiti sijatengeneza. Nakalia kopo la rangi. Wateja wapya wakija nasimama haraka najifanya ndio naondoka.

Leo nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko kawaida yangu. Habari ile ya mizizi kuzunguka ndani ya kiriba. Sikujua hilo. Nimefanya kazi na mti miaka thelathini na tano, lakini mie nakutana nao ukiwa umeshakufa.

Sijui kwa nini nakueleza hayo.

Mjomba wako,
Kasimiri


Kambini, Tanga
Jumanne, 17 Septemba

Mjomba shikamoo,

Leo ukurasa ni mmoja, msomee nani unayetaka.

Kaka yake Jenipher alikuja Jumapili kumletea dawa. Jenipher naye kapata vyuo viwili. Namba yake ya kuthibitisha iliingia kwenye simu ya kaka yake tarehe 3, saa ileile majina yalipotoka. Watu saba hangani kwetu wamepata zaidi ya chuo kimoja. Wote saba, tarehe 3.

Kwa hiyo ama simu yako imeharibika, ama kuna kitu hunielezi. Ningependa iwe simu.

Kama umeshathibitisha Mlimani, niambie. Kama hujathibitisha, thibitisha leo, niache kuota. Nimeshakubali, mjomba, lakini hata kukubali kwenyewe hakuishi. Kila lori likiingia getini nakimbia kwa karani kuulizia barua. Getini kuna kuruta mwenzangu na rungu. Ndani siwezi kutoka, nje kuna mtu ameshika simu yenye maisha yangu na ananisimulia habari za kopo la rangi.

Nakuheshimu sana. Katika barua ijayo naomba usinichekeshe.

Mama ameonaje? Jicho lake?

Adelina


Gongo la Mboto
Alhamisi, 19 Septemba

Adelina mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu. Mbaya, lakini wangu. Herufi kubwa ni kwa sababu ya jicho moja, lile jingine bado zamu yake.

Jumanne walinifungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni sura ya Kasimiri. Nikamwambia, umezeeka. Akasema, si mie, ni jicho jipya. Nilicheka. Alikuwa na machozi, nikadhani ni ya furaha.

Jana nikamwambia aniletee barua zako zote nizisome mwenyewe. Alisitasita. Akasema daktari kakataza kusoma. Daktari hakukataza, nilikuwepo. Akazileta jioni ndani ya kopo la biskuti.

Nimezisoma leo mara tatu.

Umeandika kwamba nimekuandikia giza likizidi sijui nitamwita nani. Mwanangu, mimi sijasema maneno hayo. Wala Mlimani sijaitaja. Kasimiri aliponipigia simu nilikuwa napinda gauni la mtu, nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja. Nikamwambia, mwambie aende anakopenda yeye. Hilo ndilo nililosema, halikuwa na marefu. Jumapili nikamtuma akuandikie hivyohivyo. Nikasikia kalamu yake inakwenda muda mrefu. Nikasema moyoni, huyu kaka yangu anaremba.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijakuambia. Mama yangu mzazi alipopofuka kule Newala, tulikuwa watoto wawili. Mimi nilikuwa nimechaguliwa sekondari, sare imeshashonwa. Kasimiri akaondoka. Kila mtu anaijua hadithi hiyo, patasi moja na shati moja, watu wanacheka. Hakuna anayeuliza nani alibaki. Nilibaki mimi. Sare akavaa binti wa jirani. Mama yangu hakuwahi kusema nibaki. Alikuwa anakaa mlangoni tu.

Nikasema nikizaa sitafanya hivyo. Kumbe nami nilikaa mlangoni na uzi mkononi. Nilikuwa sioni, mwanangu, lakini si sababu.

Barua zako umezipanga namba. Ile ya tarehe 5 ina ukurasa wa kwanza na wa tatu. Ya tarehe 11, wa kwanza na wa tatu. Kurasa za pili hazimo kwenye kopo. Kesho nakwenda Chang'ombe kuzichukua.

Nakwenda mwenyewe. Barabara naiona.

Mama


Chang'ombe, Temeke
Jumapili, 22 Septemba

Adelina,

Uliniomba nisikuchekeshe. Nitajitahidi, na pakinitoroka unisamehe, ni ugonjwa.

Nianze na namba. Iliingia tarehe 3, saa ileile kama ya Jenipher. Barua yangu ya kwanza nilikuwa bado sijaifunga. Simu ililia nikiwa nimekaa sakafuni na mguu wa kiti mkononi. Nilipoandika "namba ikija nitakuambia", ilikuwa mezani inaniangalia.

Mama yako alisema uende unakopenda. Ndivyo alivyosema, kwa vigelegele. Mie ndiye niliyeongeza Mlimani. Kisha barua yako ikaja, nikausoma ukurasa wa pili pale karakana, nikaukunja nikauweka chini ya kopo la gundi. Jumapili nikamsomea dada ukurasa wa kwanza na wa tatu. Akaniambia niandike, nikaandika yangu kwa mdomo wake. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo, anatabasamu, kwa sababu alidhani namwandikia mwanae maneno mazuri. Majibu yako ya tarehe 11 sikumsomea kabisa.

Utauliza kwa nini. Kwa wiki tatu nilijiambia namwonea huruma dada yangu. Si kweli. Nilijionea huruma mwenyewe. Ulipoondoka Juni nilianza kwenda Gongo la Mboto kila Jumapili, na kila nikifika namkuta amekaa vilevile kama mama yetu alivyokuwa akikaa, mikono hivi, uso umeelekea njiani. Nilikimbia uso ule nikiwa na miaka kumi na saba, nimeuchekesha miaka thelathini na tano, kisha ukanipata kwenye kochi la dada yangu. Nikapiga hesabu: Adelina akilala nyumbani, mie narudi kuwa mjomba wa sikukuu. Akienda Morogoro, zamu ni yangu.

Basi. Hakuna kingine chini yake, nimetafuta.

Namba sikuitumia. Ulipokubali Mlimani, kazi ilikuwa imeisha, ilibaki kubonyeza tu. Nilikwenda kwa Masoud mara nne. Mara ya kwanza nikasema nimekuja kununua bahasha. Mara ya pili bahasha. Mara ya tatu Masoud akaniuliza, "Kasimiri, unamwandikia dunia nzima?" Habari yako ya mizizi ilikuwa inanizuia mkono. Kuubomoa uongo wangu kwa kusema ukweli, hapo pia sikuwa na uwezo. Nikawa nangoja tarehe 21 ipite, iwe imeamua yenyewe, nikuandikie kwamba mtandao una mambo.

Ijumaa, baada ya kupata barua yako ya mwisho, nikaenda mara ya nne. Nikamwekea Masoud simu mezani. Nikamwambia, "Namba ni hii. Vyuo viwili. Bonyeza chochote."

Masoud akavua miwani. "Chochote?"

"Vyote vizuri."

"Wewe bwana, mie nauza karatasi. Siuzi watoto wa watu. Sema kimoja."

Nikafungua mdomo. Nakuapia sijui ningesema kipi. Sitajisifu kwamba ningesema Sokoine.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Kasimiri."

Alikuwa amesimama mlangoni pa steshenari, miwani myeusi ya hospitali, kopo la biskuti kwapani. Amekuja peke yake kutoka Gongo la Mboto, amepita karakana hakunikuta, akaulizia. Masoud akamvutia kiti. Akakataa.

"Kurasa ziko wapi?"

"Dada, tukae kwanza..."

"Ukae kwenye nini? Kiti huna."

Nikaenda nikazitoa chini ya kopo la gundi. Moja ilikuwa imeshika duara la kopo, samahani. Nikampa. Hakuzipokea.

"Nisomee," akasema.

"Si unaona sasa, dada?"

"Naona. Nisomee wewe. Kama zilivyoandikwa."

Nilizisoma, Adelina. Nimesimama, mbele ya Masoud na mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nilipofika kwenye zile dakika tano ulizolala tena, nikakwama. Akangoja. Hakunisaidia. Nilipofika kwenye "amekaa mlangoni na uzi mkononi, hasemi kitu," yeye ndiye aliyeinamisha kichwa, nikataka kuruka mstari kwa mazoea. Akaniambia bila kuinua uso, "Usiruke." Mama wa cheti alikuwa ameweka mkono mdomoni. Sikuruka. Nimesoma mpaka mstari wa mwisho.

Kisha akavua ile miwani, akamwambia Masoud amwonyeshe kwenye kioo cha kompyuta panaposomeka Sokoine. Masoud akamwonyesha. Akapasoma kwa kidole, herufi moja moja, kwa sauti, So-ko-i-ne, kama anaangalia mshono. Akaichukua simu yangu, akainyanyua karibu na jicho jipya, akamsomea Masoud zile namba. Alikosea ya nne. Akaanza upya. Hakuniomba nimsaidie, wala sikuthubutu.

Umethibitishwa Sokoine, misitu, Ijumaa tarehe 20, saa nane na robo mchana. Masoud amepiga chapa nakala mbili, moja imo humu ndani. Hiyo usiniamini mie, isome mwenyewe.

Kwetu mjomba ana neno la mwisho. Nililishika wiki tatu, na umeona nililolifanyia. Sasa nimelirudisha. Ukioa, yaani ukiolewa, au usipoolewa, ukichagua kazi, ukiacha kazi, usiniulize. Niambie tu.

Dada hajanisamehe. Haongei nami ila ya lazima. Leo asubuhi nilikwenda kama kawaida. Nikakuta mto umejaa sindano, zote zimetungwa, kazitunga mwenyewe tangu jana, nyingine nyuzi ndefu nyingine fupi. Nikasimama sijui pa kuweka mikono. Akasema, "Jicho la pili ni Novemba. Utakuwa unakuja?" Nikasema nitakuja. Akasema, "Hakuna sindano za kutunga." Nikasema najua. Nitakuja tu, nikae. Akanisogezea kigoda, huku ananiangalia kama naweza kukivunja.

Nimekaa mpaka jioni. Ni jambo refu, Adelina, kukaa. Wewe ulifanya miaka kumi.

Barua hii nimemwomba aisome kabla sijaifunga, na kama kuna uongo akate kwa kalamu.

Mjomba wako,
Kasimiri

Nimeisoma yote. Ni kweli, sikukata kitu. Ila sindano anazojisifia hazijawahi kuwa arobaini. Alikuwa anatunga ishirini na mbili, analala kwenye kochi. Tutakuja kukupokea getini, sisi wawili. — Mama